UZI: Mapambo ya nyumbani kwa mashine ya kukatia maumbo. Wa Mbeya, Iringa, Njombe na jirani tukutane hapa

Binti Rungwe

Habari za jioni wakuu.

Uzi huu ni wa sisi tunaotengeneza mapambo ya nyumbani kwa karatasi, kitambaa na felti tukisaidiwa na mashine ya kukatia maumbo. Maswali yametawanyika kwenye nyuzi nyingine, na majibu mengi yanatoka kwa watu wa Dar ambao karatasi yao haijawahi kukutana na ukungu wa Rungwe wala baridi ya Juni ya Njombe. Mimi nipo Mbeya mjini. Kazi yangu ni maua ya ukutani, majina ya vyumba vya watoto, vibendera vya kamba na picha za tabaka ndani ya fremu.

Tuelewane kwanza tunaongelea mashine ipi, maana wengi wakisikia wanawaza ile ya duka la stika.

Kuna ya mkono. Ina rola mbili na hendeli ya kuzungusha. Unaweka sahani ya plastiki ngumu, juu yake karatasi, juu ya karatasi umbo la chuma makali yakiangalia chini, kisha sahani ya pili. Unazungusha, mzigo wote unapita katikati ya rola, unatoka upande wa pili ua limeshakatika. Sizzix Big Shot ni mojawapo ya zinazojulikana sana. Ufundi wenyewe ni wa zamani, ulianzia kwenye viwanda vya viatu karne ya 19, walipokuwa wanatafuta njia ya kukata soli nyingi zenye kipimo kimoja. Haitumii umeme hata chembe. TANESCO wakikata, wewe unaendelea na kazi.

Halafu kuna ya umeme: Cricut, Silhouette Cameo, Brother ScanNCut. Hii haina umbo la chuma. Ina kisu kidogo kinachotembea juu ya karatasi uliyoibandika kwenye mkeka wenye gundi, kikifuata mchoro wa kompyuta. Mkeka wa kawaida ni inchi 12 kwa 12.

Anayetaka umbo lilelile mara nyingi, mfano majani ya shada au petali za waridi, ya mkono inamtosha na itamzikia mashine tatu za umeme. Anayetaka kuchora vyake achukue ya umeme. Na hapa ndipo penye jambo langu hasa.

Wakuu, tuchore vya kwetu. Fungua katalogi yoyote ya maumbo ya chuma uone: chembe za theluji, kulungu wa Krismasi, majani ya mwaloni, maboga ya Oktoba. Vizuri vyote, ila havina habari yoyote na sebule ya Uyole au Makambako. Na sisi tunaishi jirani na Kitulo! Uwanda wenye zaidi ya spishi 350 za mimea, okidi peke yake spishi 45, mpaka wenyeji wakauita Bustani ya Mungu. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Mtu anapanda kona hamsini na saba za Chimala kwenda Matamba, anafika juu msimu wa mvua, anakuta maua hadi upeo wa macho, halafu anarudi nyumbani kukata theluji. Mimi sikubali.

Piga picha tu, usichume. Okidi za kule zimeshachimbwa vya kutosha kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi, vinavyovushwa kwenda Zambia.

Nitawaonyesha moja tu, ile yenye shina refu na kichwa cha vimirija vingi vinavyoning'inia, juu vyekundu na chini vya njano. Wataalamu wanaiita Kniphofia. Kata vipande vitatu vya manila vyenye upana wa sentimita 5: kimoja njano, kimoja chungwa, kimoja chekundu. Kila kimoja kikatwe vijiti vya milimita 3 kwa mstari mzima, ila uache sentimita 1 juu ambayo haijakatwa. Hapo ndipo mashine inapoonyesha thamani yake, kwa mkasi vijiti hivyo vitakutoa machozi na havitalingana. Chukua kijiti cha mshikaki, paka gundi kwenye ile sentimita 1, zungushia njano kwanza, ncha zikiangalia chini. Kisha chungwa, juu kidogo, ncha zake zifunike pale njano ilipogundishwa. Mwisho nyekundu. Ni kama fundi anavyoezeka nyasi, anaanzia chini kwenda juu. Gundi ikikauka, pitisha mgongo wa kisu upande wa nje wa kila kijiti taratibu, kitajipinda kwa nje. Ukimaliza mzunguko mmoja utaona karatasi imeacha kuwa karatasi. Shina livishe karatasi ya kijani. Vitano kwenye chupa ya kahawia, weka juu ya kabati, mgeni atasogea kugusa.

Kuhusu karatasi: ya fotokopi ya gramu 80 ni ya kujaribia mchoro tu. Manila ya gramu 160 hadi 180 ni nzuri kwa kukunja, na petali zinazosimama zenyewe zinataka 200 hadi 250. Kwa majani na mashina napenda sana kaki. Ile kaki inayotengenezwa Mgololo kule Mufindi inatokana na paini, na nyuzi za paini ni ndefu, kwa hiyo unaikunja na kuikunjua haichaniki mkunjo. Ndiyo karatasi ya mifuko ya saruji. Tunayo hapa hapa nyanda za juu na watu wanaagiza kadi ya kahawia kutoka nje.

Karibuni.

Mnyalukolo wa Ipogolo

Kamwene dada, uzi mzuri sana huu.

Ninayo ya mkono. Maumbo makubwa yanakatika safi, lakini yenye matobo madogo madogo (nina moja la mfano wa pazia la nyavu) hayakatiki katikati, pembeni tu ndiko kunakatika. Na pale yanapokatika karatasi inang'ang'ania ndani ya chuma, nikiivuta inachanika. Nimebadilisha sahani, hali ni ileile. Je, mashine imechoka?

Binti Rungwe

Kamwene kaka. Mashine yako nadhani ni nzima. Umbo lenye makali mengi linagawana nguvu ya rola, kila mstari unapata kidogo. Weka karatasi mbili za kawaida chini ya sahani ya chini, jaribu. Kama bado, ongeza ya tatu, ila ukiona hendeli inagoma usilazimishe, punguza. Katikati peke yake pakigoma, kata kipande cha karatasi cha ukubwa wa katikati tu ukiweke hapo.

Pili, usiliingize umbo sambamba na rola. Ligeuze kidogo liingie kwa pembe, ili makali yaliyonyooka yasikutane na rola yote kwa mara moja. Lipitishe, kisha lirudishe.

Karatasi kung'ang'ania dawa yake ni karatasi ya kuokea keki. Weka kipande kati ya umbo na manila. Yale matobo mgongoni mwa umbo wameyaacha makusudi, ni ya kusukumia kwa sindano.

Na sahani zako zigeuze kila baada ya kazi, juu iwe chini. Usipozigeuza zinapinda, na zikishapinda nguvu haiendi sawa tena.

Mwl. Kihesa

Nimesoma kwa makini na naheshimu kazi ya dada. Ila naomba niulize kwa nia njema: tukishaingiza mashine, tunaweza bado kusema ni kazi ya mikono? Mama zetu Iringa wanasuka vikapu vya milulu kuanzia kukata nyasi hadi ukingo wa mwisho, hakuna mashine popote, na ndiyo maana mzungu anavuka bahari kuvifuata. Naogopa tutafika mahali sebule zote zinafanana kwa sababu kila mtu amenunua umbo lilelile.

Binti Rungwe

Mwalimu, nimekuelewa na swali lako ni la haki. Hofu ya sebule kufanana ninayo hata mimi, ndiyo sababu nimepiga kelele ya kuchora vyetu.

Lakini angalia lile ua nililoeleza. Mashine imefanya nini? Imekata vijiti. Kuchagua rangi, kuzungushia, kupinda kimoja kimoja, kuamua shina liinamie upande gani, yote ni mkono. Msusi wa kikapu naye ana kisu cha kukatia milulu. Mimi nahesabu kazi ni ya mikono pale ambapo watu wawili wakipewa vipande vilevile watatoa vitu viwili tofauti.

Na kuna wenye vidole vinavyouma au visivyo na nguvu ya kubana mkasi saa nzima. Hendeli wanaizungusha. Hapo Iringa kwenu Neema Crafts wamekuwa wakifanya kazi na watu wenye ulemavu tangu 2003, wakatengeneza hadi karatasi kwa kinyesi cha tembo. Sijawahi kusikia mtu akisema karatasi ile si ya mikono kwa kuwa ilipita kwenye fremu na mashine ya kukamua maji.

Mwl. Kihesa

Hoja ya vidole nimeipokea kwa mikono miwili, sikuwa nimeiwaza. Hiyo nyingine bado natafakari. Tuendelee.

Mkulima wa Chai Tukuyu

Jamani huku kwetu mvua haina likizo. Manila nikiinunua imenyooka, wiki ikipita imejikunja, na ikiwa hivyo mashine haikati, inachana na kuacha manyoya pembeni. Maua niliyomtundikia mama mkwe yamelala kama mboga. Nifanyeje?

Binti Rungwe

Ugonile ndugu yangu. Karatasi inakunywa unyevu wa hewani, nyuzi zinavimba na kulegea, kisu kinazisukuma badala ya kuzikata. Manyoya yanatoka hapo.

Hifadhi karatasi kwenye ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, zikiwa zimelala. Weka ndani vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na pochi. Vikizidiwa unyevu, vingi unaweza kuvikausha kwa joto dogo ukavirudisha. Usiweke boksi sakafuni wala ligusane na ukuta wa nje. Toa karatasi za kazi ya siku hiyo tu, funika.

Kwa maua ya mama mkwe: tumia gramu 250 na upake vanishi ya maji pande zote mbili, nyembamba, mara mbili. Ukipaka upande mmoja tu, ule mwingine utakunywa unyevu na petali itapinda. Ukitundika, acha nafasi kidogo kati ya ua na ukuta hewa ipite. Usitundike juu ya jiko wala ukuta wa bafu.

Na wa upande wenu wenye madirisha makubwa, jua likitoka ni kali kwa vile tupo juu milimani. Manila ya rangi inapauka. Mimi ua la dirishani nalikata kwenye manila nyeupe halafu napaka rangi ya akriliki, inavumilia zaidi.

Fundi Stika Mafiati

Naomba niingie, mimi ni mtu wa mabango na stika. Watu wanakuja dukani na manila wakitaka niwakatie kwenye ploti, yaani mashine yetu ya kukatia stika. Inawezekana kwa shida, kwa sababu ploti zetu zimetengenezwa kuvuta roli la stika, manila inateleza ikipita kwenye rola. Lazima ibandikwe kwenye shiti ya kubebea. Stika yenyewe ndiyo kazi yake, na stika ya ukutani ni pambo zuri la nyumba, kwa hiyo nigusie.

Uliza stika unayopewa ni ya kudumu au ya kutoka. Kwa Oracal, 651 ni ya kudumu na 631 ndiyo ya ukutani, ukiitoa haing'oi rangi. Mpangaji akibandika 651 ukutani, siku ya kuhama atagombana na mwenye nyumba. Ukuta uliopakwa rangi jana usiubandike, subiri wiki kama tatu rangi ikauke mpaka ndani. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, bandika mchana nyumba ikiwa imepata joto. Gundi ya stika ikiwa baridi haishiki.

Jambo moja la usalama, naomba msilipite. Siku hizi kuna mashine za leza za kukatia mbao. Kuna vijana wanataka kukatia stika humo. USIKATE stika ya PVC kwa leza. Ikiungua inatoa gesi yenye klorini, inakula mapafu na inakula mashine yenyewe. Stika ni kisu tu.

Mama Wawili Njombe

Shikamooni wakubwa. Mimi nashona, nina mabaki mengi ya vitenge. Nataka vibendera vya chumba cha watoto na maua ya kushonea kwenye mito. Hiyo mashine inakata kitenge? Nilijaribu kwa jirani mwenye Cricut ya kawaida, kitenge kilijikusanya chote mbele ya kisu.

Cherehani Makambako

Marahaba. Kitenge chepesi lazima ukipe mgongo. Chukua gamu ile tunayopigia pasi kwenye kola, ibandike nyuma ya kitenge kwanza, ndipo ukate. Kitatulia na pembeni hakitafumuka. Maua ya mito yatakaa vizuri zaidi ukitumia gamu laini, ngumu inafanya mto uwe na kona.

Kama utanunua ya mkono, kitambaa kinataka yale maumbo mazito yenye bamba la chuma lililozungukwa na sponji, sio yale mepesi ya karatasi. Hayo mazito yanakata felti na tabaka kadhaa za kitenge kwa mara moja. Kwa Cricut, iliyotengenezewa kitambaa ni Maker, ina kisu cha duara kinachozunguka, haihitaji gamu ndiyo ikate. Ya jirani yako ina kisu cha ncha, kinavuta.

Angalia pia uelekeo wa nyuzi. Kibendera ukikikata mshazari kitavutika na kuning'inia upande.

Mama Wawili Njombe

Asante sana mkuu, gamu ninayo ndani kumbe! Kesho naanza.

Kijana wa Uyole

Wadau, nataka kuagiza ya umeme. Naogopa mambo matatu: umeme wa Marekani, kodi, na intaneti maana bando linaniumiza.

Binti Rungwe

Umeme: soma maandishi ya adapta kabla hujalipa. Ikiandikwa 100–240V haina shida na 230V yetu, unabadilisha plagi tu. Ikiandikwa 120V peke yake, achana nayo. Weka na kifaa cha kuzuia umeme wa kuruka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiitoe karatasi kwenye mkeka kwa haraka, mara nyingi kipande hicho ndio kimeharibika ila kisu kipo salama.

Kodi: VAT ni 18%, na inahesabiwa juu ya thamani ya mzigo, bima, usafiri na ushuru wa forodha kwa pamoja, sio bei ya mashine tu. Piga hesabu hiyo kabla, halafu linganisha na bei ya Kariakoo. Ukiletewa kwa basi kutoka Dar, mwambie muuzaji afungue boksi na kuiwasha mbele ya mtu wako kabla haijapakiwa.

Intaneti: programu ya Cricut kwenye kompyuta inataka intaneti kwa mambo mengi. Ya Silhouette unaisanikisha na kufanya kazi bila bando. Toleo lake la bure halifungui faili za michoro za aina ya SVG, lakini linafungua za aina ya DXF, kwa hiyo chora kwenye Inkscape, programu ya kuchorea ambayo ni bure, ukahifadhi kama DXF. Kama unachora vizuri kwa penseli kuliko kompyuta, Brother ScanNCut inasoma mchoro wa karatasi moja kwa moja na kuukata.

Kabla ya kila aina mpya ya karatasi, kata kijiumbo kidogo pembeni. Mkeka ukipoteza gundi usiutupe, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uache ukauke wenyewe.

Mnyalukolo wa Ipogolo

Nimerudi. Karatasi mbili chini ya sahani na umbo kwa pembe: limekatika lote, mpaka katikati. Karatasi ya kuokea nimeikosa dukani, nimetumia ya kufungia chapati yenye nta, imefanya kazi. Dada, ubarikiwe.

Sasa swali la pili: lile ua la Kitulo mimi nitakataje vijiti kwa mashine ya mkono, wakati sina umbo la chuma la vijiti?

Binti Rungwe

Hongera kaka! Ya nta ni sawa kabisa.

Maumbo ya vijiti yapo, yanauzwa kama pindo. Usipolipata, kuna mkasi wenye makali matano unaotumika kukatia majani ya kitunguu jikoni. Unakata mistari mitano kwa mara moja na upana wa vijiti unalingana. Pima ncha za mkasi zisiingie kwenye ile sentimita 1, chora mstari wa penseli kwanza.

Fundi Stika Mafiati

Au alete mchoro kwangu. Dada Binti Rungwe, nitumie hilo ua kwa DXF, vipande vyote vitatu. Nitaupanga kwenye shiti moja nikate manila ya gramu 180 nione ploti inavumilia vijiti vya milimita 3 au tuongeze viwe 4. Nina shiti ya kubebea mpya. Nikipata jibu nitaweka picha hapa, na mpangilio wa kisu na kasi niliyotumia.

Binti Rungwe

Nakutumia usiku huu. Anza na 4, nadhani 3 itachanika kwenye kona ya juu pale kisu kinapogeuka.